Roketi za Shaba na roketi za leo

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Niko Lubumbashi. Baba yangu, ambaye sasa ni mzee, husimulia kwamba alipokuwa kijana Wajerumani walikuja Shaba wakarusha roketi, na kwamba haikuwa serikali yao bali kampuni ya watu binafsi. Nikiwaeleza wenzangu kazini wananicheka, wanasema kampuni binafsi za roketi zimeanza juzi na SpaceX. Nani mkweli? Na kama mzee anasema kweli, mbona kampuni ile ilikufa na hizi za sasa zinatajirika? Wengine wanadai hizi nazo ni serikali tu, imejificha nyuma ya jina la kampuni."

Marahaba, ndugu yangu. Wenzako wamwombe mzee radhi, maana anachosimulia ni kweli tupu.

Kampuni ile iliitwa OTRAG. Ilianzishwa Ujerumani Magharibi mwaka 1975 na mhandisi Lutz Kayser. Mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, ambaye kabla ya hapo ndiye aliyekiongoza kituo cha Kennedy huko Florida, pale walipoondokea wanaanga wa Apollo kwenda mwezini. Kwa hiyo hawakuwa wababaishaji. Walifunga mkataba na serikali ya Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya leo), wakapewa eneo ndani ya Shaba, yaani Katanga, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 100,000, wakajenga kiwanja cha ndege na mahali pa kurushia kwenye uwanda wa juu unaotazama bonde la mto Luvua. Roketi ya kwanza ilipaa tarehe 17 Mei 1977. Ya pili ilipaa Mei 1978, mwezi uleule wa vita vya Kolwezi, mji wa Shaba hiyohiyo. Ya tatu ilirushwa Juni mwaka huohuo, Mobutu mwenyewe akiwa amekuja kutazama. Ikapanda kidogo, ikapinda, ikaanguka bondeni.

Wazo la Kayser linanivutia mpaka leo. Badala ya kuunda roketi moja kubwa yenye injini za gharama, alichukua mabomba ya chuma yenye upana wa sentimita 27, kila bomba likiwa na mafuta yake, asidi yake ya kuyawezesha kuwaka na injini yake ndogo chini, akayafunga pamoja kama tita la kuni. Roketi za Shaba zilikuwa na mabomba manne tu, za majaribio. Ya kufika obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, ingehitaji mamia. Vali ya kuachia mafuta ilifunguliwa na mota ya waipa, ileile inayofuta mvua kwenye kioo cha gari, kwa sababu mota hiyo ilikuwa inatengenezwa viwandani kwa maelfu na bei yake ilikuwa ndogo. Roketi haikuwa na mitambo ya kuzungusha injini ili ibadili uelekeo. Ilipunguza nguvu ya mabomba ya upande mmoja, ikageukia huko. Kila kitu kilifikiriwa kwa hesabu ya bei, na ndiyo maana nasema Kayser alikuwa ameuliza swali sahihi zaidi ya miaka 25 kabla ya SpaceX: kwa nini roketi iwe ghali?

Lililomwangusha ni jingine. Kampuni ya Kijerumani kurusha roketi katikati ya Afrika, vita baridi vikiwa vimepamba moto na Shaba yenyewe ikiwa vitani, ilikuwa kama kuwasha moto penye nyasi kavu. Wasovieti walidai kwamba hayo ni majaribio ya makombora ya kijeshi. Zaire ikashinikizwa, na mwaka 1979 ikavunja mkataba. OTRAG ikahamia Libya, jambo lililozidisha hofu badala ya kuipunguza, na katika miaka ya 1980 ikafifia kabisa.

Lakini siasa peke yake haielezi yote. Tazama pia nani alikuwa ananunua. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilikuwa imeshaweka fedha zake kwenye roketi ya pamoja ya Ulaya, Ariane, iliyopaa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, mwishoni mwa mwaka 1979. OTRAG ilikuwa inaishi kwa fedha za watu binafsi waliovutiwa na nafuu ya kodi. Haikuwa na taasisi kubwa ya kuiambia: tengeneza, sisi tutanunua, na mkianguka mara ya kwanza tutawasubiri. Kampuni ya roketi isiyo na mnunuzi wa namna hiyo ni duka lililofunguliwa jangwani, hata bidhaa iwe nzuri namna gani.

Hapa ndipo lilipo jibu langu kwa swali lako la pili. Kilichobadilika kati ya Shaba na leo ni mnunuzi, na zaidi ya hapo ni namna anavyonunua.

Watu husahau kwamba hata roketi za kwenda mwezini zilitengenezwa na kampuni binafsi. Boeing ilijenga sehemu ya chini ya Saturn V, Grumman ikajenga chombo kilichotua mwezini. Tofauti ilikuwa kwenye mkataba. Wewe ukijenga nyumba unaweza kumlipa fundi kwa siku, vifaa vyote juu yako, na nyongeza yake juu ya gharama yoyote itakayojitokeza. Au mnaweza kupatana kazi nzima kwa bei moja, akabidhi funguo ndipo amalize kulipwa. Fundi wa kwanza hana sababu ya kuharakisha. Wa pili akikosea hesabu, hasara ni yake. Kwa miongo mingi NASA, shirika la anga la Marekani, ililipa kwa njia ya kwanza, na wakati wa Apollo ilikuwa sawa, kwa sababu hakuna aliyejua kazi ile ingegharimu nini. Ubaya ni kwamba njia hiyo iliendelea hata pale kazi ilipokuwa imeshajulikana. Matunda yake tunayaona kwenye roketi kubwa ya serikali, SLS: mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA alilieleza bunge la Marekani kwamba kila safari ya mwanzo ya roketi hiyo, pamoja na chombo chake na mitambo ya ardhini, itagharimu dola bilioni 4.1.

Njia ya pili ilijaribiwa kwa uzito mwaka 2006. Vyombo vya Space Shuttle, vilivyokuwa vikibeba wanaanga na mizigo ya NASA, vilikuwa vinakaribia kustaafishwa na NASA ilihitaji wa kupeleka mizigo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Ikatangaza mpango ulioitwa COTS: tutachangia gharama zenu, lakini tutalipa kidogokidogo, kila mnapotimiza hatua mliyoahidi, na fedha nyingine mtazitafuta wenyewe. Kampuni mbili zilichaguliwa Agosti mwaka huo, SpaceX na Rocketplane Kistler. Kistler ilishindwa kupata mtaji wake, na mwaka uliofuata NASA ikaikata, nafasi ikachukuliwa na Orbital Sciences. Napenda watu wakumbuke habari ya Kistler, maana inaonyesha kwamba mpango ule haukuwa sadaka.

Na SpaceX yenyewe ilikuwa katika hali gani? Elon Musk aliianzisha mwaka 2002. Roketi yake ya kwanza, Falcon 1, ilirushwa kutoka Omelek, kisiwa kidogo cha matumbawe katika visiwa vya Marshall, kwenye eneo la majaribio la jeshi la Marekani. Machi 2006 roketi ilipaa kwa nusu dakika hivi, ikawaka moto, ikaanguka kwenye miamba. Setilaiti iliyobebwa ilitupwa juu ikatoboa paa la banda la kampuni yenyewe. Uchunguzi ulionyesha nati moja ya aluminiamu kwenye bomba la mafuta, iliyoliwa na chumvi ya bahari hadi ikapasuka. Mimi nimekulia Malindi na nati hiyo naielewa vizuri. Pwani aluminiamu huota unga mweupe, ukiufuta unakuta vishimo vidogo kama vya sindano, na kwa nje bado kitu kinaonekana kizima. Safari iliyofuata walitumia nati za chuma kisichoshika kutu, ambazo ni nzito kidogo lakini bei yake ni ya chini.

Mwaka 2007 ilipaa tena, mafuta yakachezacheza ndani ya tangi la sehemu ya juu, roketi ikayumba na kupoteza mwelekeo. Agosti 2008 sehemu ya chini, baada ya kuachana na ya juu, ilibaki na msukumo kidogo, ikaifuata mwenzake na kuigonga kwa nyuma. Dawa yake ilikuwa kuongeza sekunde chache za kungoja kabla ya kuachana, basi. Wiki nane baadaye, tarehe 28 Septemba 2008, Falcon 1 ya nne ilifika obiti. Fedha zilikuwa zimekwisha. Tarehe 23 Desemba mwaka huo NASA ilitoa mkataba wa dola bilioni 1.6 kwa safari 12 za mizigo, na kampuni ikapona.

Angalia tarehe hizo tena, ndugu yangu. NASA iliichagua kampuni hii miezi mitano baada ya roketi yake pekee kuanguka, ikavumilia ajali mbili zaidi, kisha ikaipa kazi. Kayser alianguka mara moja mbele ya Mobutu, na mwaka uliofuata akafukuzwa.

Mwaka 2011 NASA ilipiga hesabu: kwa njia zake za kawaida, kuunda roketi kama Falcon 9, roketi kubwa ya SpaceX iliyoifuata Falcon 1, kungegharimu karibu dola bilioni 4. SpaceX ilitumia karibu milioni 300. Mtu anaweza kubishana na namna hesabu ya kwanza ilivyofanywa, lakini pengo hilo huwezi kulifuta kwa kubishana.

Kurudisha roketi ardhini kulikuja baadaye, na hapo nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko kulikobadilisha biashara nzima. Falcon 9 ina injini 10. Tisa ziko sehemu ya chini na moja juu. Zamani sehemu ya chini ilifanya kazi dakika mbili na nusu hivi, kisha ikaachwa ianguke baharini, kama vile basi la Nairobi–Mombasa lingekuwa linasukumwa gengeni kila likifika. Kuirudisha ni kazi ngumu. Ikiachana na mwenzake iko juu kilomita sitini na zaidi, ikienda kasi ya ndege ya abiria mara saba au nane. Inajigeuza, inawasha tena baadhi ya injini ili ipunguze kasi, inashuka ikijielekeza kwa mapezi manne yanayofanana na kimia cha dirisha, na mwishoni inawasha injini ya katikati.

Sasa, sehemu hiyo ikiwa karibu tupu ni nyepesi mno, hata injini moja ikipunguzwa mpaka mwisho inasukuma kuliko uzito wake. Haiwezi kuelea hewani ikajipanga vizuri kama helikopta. Ikichelewa kuwasha injini inagonga chini, ikiwahi inaanza kupanda tena. Lazima kasi ifike sifuri palepale urefu unapofika sifuri. Walijaribu baharini, wakapasua kadhaa, na tarehe 21 Desemba 2015 ya kwanza ikasimama wima nchi kavu huko Florida. Machi 2017 roketi iliyokwisha kutumika ilipaa tena na mzigo wa mteja. Leo zipo sehemu za chini zilizoruka zaidi ya mara 20, na mwaka 2024 pekee roketi za Falcon zilipaa zaidi ya mara 130. Nyingi zilikuwa zimebeba setilaiti za intaneti za Starlink, mali ya kampuni yenyewe, kwa hiyo SpaceX imejiundia mnunuzi mwingine nyumbani kwake.

Swali lako la tatu: je, ni serikali iliyojificha? Hapana, ingawa nawaelewa wanaosema hivyo. Fedha zilizoikuza kampuni zilitoka kwa walipa kodi wa Marekani kwa kiasi kikubwa. Eneo la Omelek ni la jeshi. Uwanja wa 39A, uliorusha safari za mwezini, SpaceX imeukodi kutoka NASA tangu mwaka 2014. Ngao ya joto ya Dragon, chombo cha SpaceX cha kubeba mizigo na wanaanga, imetokana na kitu kilichovumbuliwa na NASA. Anayedai kwamba mtu mmoja tajiri alijenga yote haya kwa akili zake tu anawanyima haki maelfu ya wahandisi wa umma waliotangulia. Lakini serikali iliyojificha hubeba hasara. Hapa hasara hubaki kwa kampuni. Mwaka 2014 NASA ilitoa mikataba miwili ya kupeleka wanaanga: dola bilioni 4.2 kwa Boeing na bilioni 2.6 kwa SpaceX. SpaceX iliwapeleka wa kwanza Mei 2020. Chombo cha Boeing kilichelewa mno, kikapeleka wanaanga wawili Juni 2024 kikiwa na hitilafu kwenye injini zake ndogo, kikarudi kitupu, na wanaanga wale wakarudishwa na Dragon Machi 2025. Boeing imeingia hasara ya zaidi ya dola bilioni 1.5 mfukoni mwake. Kwa mkataba wa zamani, mwananchi ndiye angeilipa.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kingine. Baada ya vita vya Ukraine kuanza, roketi za Urusi zilifungiwa soko la Magharibi, Ariane 5 ikastaafu mwaka 2023, na Ariane 6 haikupaa hadi Julai 2024. Katikati hapo Ulaya ililazimika kurusha kwa Falcon 9 setilaiti zake za Galileo, zile za kuelekeza njia ambazo ilizijenga ili isimtegemee mtu. Bei ya chini ni neema, lakini soko la muuzaji mmoja siyo soko. Ndiyo maana nafurahi kuona Rocket Lab, iliyoanzia New Zealand, ikirusha roketi ndogo ya Electron, iliyofika obiti mara ya kwanza mwaka 2018, LandSpace ya China iliyokuwa ya kwanza duniani kufika obiti kwa roketi ya gesi ya methani Julai 2023, na Blue Origin ya Jeff Bezos ambayo roketi yake ya New Glenn ilifika huko Januari 2025. Nyingine zimekufa njiani, kama Virgin Orbit iliyofilisika mwaka 2023.

Kwetu mabadiliko haya yameshafika. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukisimama ufukweni Ngomeni kutazama majukwaa ya Waitaliano baharini, yaliyorusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Hiyo ilikuwa kazi ya serikali na serikali, na sisi tulikuwa watazamaji. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilisafiri mwaka 2018 ndani ya Dragon. Ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilipaa Novemba 2022 kwa roketi ya Antares ya kampuni ya Northrop Grumman. Taifa-1 ya Kenya ilipaa tarehe 15 Aprili 2023 kwa Falcon 9, ikiwa pamoja na mizigo mingine zaidi ya 40, kama abiria wa matatu anayelipia kiti chake tu. Mwaka 2019 SpaceX ilitangaza nafasi ya kilo 200 kwa dola milioni 1. Chuo au wizara inaweza kukaa chini na kuijadili bajeti ya namna hiyo.

Jambo moja halijabadilika tangu siku za Luvua, nalo ni sheria. Kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1967, nchi inawajibika kwa vyombo vya kampuni zake angani kana kwamba imevirusha yenyewe. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Mwanakijiji wa Mukuku hahitaji kuitafuta kampuni. Serikali yake ndiyo inayopaswa kuibana serikali ya upande wa pili. Roketi zikiongezeka, kesi za namna hii zitaongezeka, na nchi zetu zinahitaji wanasheria wa anga kuliko zinavyohitaji viwanja vya kurushia.

Nami nina ombi. Habari za OTRAG zimeandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza, na waliosikilizwa ni wahandisi na wanasiasa. Wakongo waliosafisha kiwanja kile, waliopika, waliobeba mabomba yale na kuwaona wale watu siku kwa siku hawajaulizwa. Muulize baba yako aliona nini au alisikia kwa nani, kijiji gani, na walipoondoka waliacha nini. Kama kuna mwenzake aliyefanya kazi kule na bado yuko hai, nenda na simu umrekodi akisema kwa Kiswahili chake. Ukipata chochote niandikie, hata kama ni sentensi tatu.